Neoklasiki: uanze na picha za David, sanamu za Canova, au majengo?

Binamu yangu anasoma usanifu wa ndani chuo, juzi kanipigia saa nne usiku anasema dada hii Neoklasiki nimeisoma mara tatu bado haiingii, kila ukurasa majina na miaka, majina na miaka, mtihani huo unakuja, nianzie wapi? Nikamwambia funga kwanza hilo daftari, chagua kitu kimoja ukiangalie mpaka ukichoke, majina yatakuja yenyewe. Akauliza kitu gani sasa, picha, sanamu au majengo? Hapo nikakwama, maana kila njia ina utamu wake na kila njia kuna mahali inakudanganya. Nikakaa nikazipanga, na nimeona niandike na kwa wengine waliokwama palepale.

Kwa ambaye hajui kabisa, tunaongelea sanaa ya Ulaya kuanzia kama miaka ya 1750 mpaka 1830 hivi. Kabla ya hapo, hasa Ufaransa, wenye hela walikuwa wanapenda Rokoko, mambo ya waridi na bluu ya mawingu, mapambo ya kujikunja kila kona, mapenzi ya kuvizia bustanini. Itafute ile picha ya Fragonard ya binti kwenye bembea, ya 1767 hivi, kiatu kimemtoka kinaruka hewani na jamaa kalala kwenye vichaka chini yake anakodoa macho. Ndo Rokoko hiyo, huhitaji maelezo zaidi. Sasa huku watu wanabembea, kule Italia wanafukua miji miwili iliyofunikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, Herculaneum tangu 1738 na Pompeii tangu 1748, vinatoka vyombo, michoro ya ukutani, sanamu, na vijana wa matajiri wa Ulaya wanamiminika Roma kuona. Mwaka 1755 Mjerumani mmoja, Winckelmann, anatoa kijitabu anasema ukubwa wa Wayunani uko kwenye usahili wenye heshima na utulivu wenye ukuu, na sisi tukitaka kuwa wakubwa tuwaige. Watu wakalipokea hilo kama mahubiri. Kinachonichekesha ni kwamba huyu mzee hakuwahi kukanyaga Ugiriki, na weupe wa marumaru aliokuwa anausifia ni kwa sababu rangi ilishachujuka, Wayunani wenyewe sanamu zao walikuwa wanazipaka rangi.

Shika kitu kimoja tu kabla hatujaendelea. Neoklasiki ni hoja, muonekano unafuata. Hoja yenyewe inasema Wayunani na Warumi walijua namna ya kuishi, sisi tumeharibikiwa, turudi kwao. Kila mlango kati ya hii mitatu, picha, sanamu na majengo, unakuonyesha kipande kimoja cha hoja hiyo.

Nimepima kwa vitu vinne

Cha kwanza, unahitaji stori kiasi gani kichwani kabla hujaelewa unachokiona. Pili, inaonekana vipi kwenye simu, maana wengi wetu hatuna nauli ya Paris, tuna bando. Tatu, inakufundisha nini kuhusu kanuni za hiyo staili. Na nne, mtego wake uko wapi, yaani ukibaki nayo peke yake utaondoka na uongo gani. Mwisho wa kila moja nasema inamfaa nani.

David, yaani mlango wa picha

Jacques-Louis David, mzaliwa wa Paris, 1748. Shindano la kupelekwa Roma kusoma alilishinda 1774 baada ya kushindwa mara kadhaa, na picha yake ya kuanza nayo ni Kiapo cha akina Horatii, aliichorea Roma 1784, mwaka uliofuata ikaonyeshwa Paris, sasa iko makumbusho ya Louvre hukohuko Paris. Ni kubwa, upana wake unapita mita 4.

*Stori unayohitaji.* Nyingi, nakwambia ukweli. Hapa bila stori unaona wanaume watatu wamenyoosha mikono na mzee kashika mapanga. Stori ni hii: Roma na mji jirani wa Alba Longa wamegombana, badala ya vita kamili kila upande utoe ndugu watatu wapigane. Roma wanatoa akina Horatii, upande wa pili akina Curiatii. Shida ni kwamba hizo familia zimeshaoana. Sabina ni dada wa akina Curiatii na kaolewa kwa akina Horatii, na Camilla ni dada wa hawa wanaoapa na mchumba wake ni mmoja wa wale wanaokwenda kuuawa. Ukishajua hivyo angalia tena upande wa kulia, wale wanawake walioinama hawalii kwa sababu ni wanawake, wanalia kwa sababu vyovyote itakavyokwenda watazika. Anarudi ndugu mmoja tu mzima, anamkuta Camilla anamlilia mchumba wake, anamuua kwa upanga uleule. Na hicho kiapo chenyewe hakimo kwenye masimulizi ya kale, David alikitunga.

*Kwenye simu.* Hapa anashinda wote. Picha ni bapa, ukipata nakala yenye ubora mkubwa unakuza tu. Mimi nilikaa na hii picha karibu saa nzima umeme umekatika, simu ina asilimia kama 40, na nilichokiona mwisho kabisa ndo kilinimaliza: nyuma ya wale wanawake kuna yaya mwenye nguo nyeusi kawakumbatia watoto wawili, kamziba macho mmoja, na yule mtoto anachungulia katikati ya vidole. Yaani watu wazima wote wana pozi la sanamu, wa kiume kama mbao, wa kike kama nguo zilizolowa, mtoto peke yake ndo anataka kujua kinachoendelea.

*Inachofundisha.* Karibu kanuni zote ziko hapo. Nyuma kuna matao matatu yasiyo na pambo, na kila tao lina kundi lake, wana, baba, wanawake. Watu wamepangwa mstari mmoja kama mchongo wa ukutani. Mwanga unatoka upande mmoja, mkali. Brashi huioni kabisa, uso wa picha umelainishwa kama kioo. Wanaume ni mistari iliyonyooka, wanawake ni mistari ya kupinda, na mapanga yako karibu katikati kabisa. Linganisha na ile bembea utaona watu walivyoshtuka 1785.

*Mtego.* David anakufanya uamini Neoklasiki ni sanaa ya mapinduzi. Kweli alikuwemo, tena ndani kabisa, alipiga kura mfalme auawe, 1793 akamchora Marat, mwanamapinduzi mwenzake, kafia kwenye beseni la kuogea, picha iliyoko Brussels, mtu aliyekuwa na ugonjwa mbaya wa ngozi kachorwa ngozi safi kama shahidi wa dini. Robespierre, kiongozi wa mapinduzi, alipoanguka 1794 David naye akafungwa. Lakini Kiapo kile kililipiwa na ofisi ya mfalme, miaka minne kabla ya mapinduzi! Alafu baadaye David huyuhuyu anamchora Napoleon anavuka milima ya Alps juu ya farasi kasimama miguu miwili, joho linapepea, wakati jamaa alivuka juu ya nyumbu. Mfalme, mapinduzi, mtawala wa kijeshi, staili ileile ikawatumikia wote. Sisemi alikuwa kigeugeu, au labda nasema, ila usiifunge hii staili kwa chama kimoja.

Na nisikupitishe bila kutaja wanafunzi wake wawili. Girodet alimchora Jean-Baptiste Belley 1797, mtu aliyezaliwa Gorée, Senegal, akafikishwa Saint-Domingue (Haiti ya leo) utumwani, akajikomboa, akawa mbunge wa mapinduzi Paris. Kasimama na sare yake ya ubunge na mshipi wa rangi tatu, kaegemea sanamu nyeupe ya kichwa cha Raynal, mwandishi aliyeupinga utumwa. Ngozi nyeusi na marumaru meupe bega kwa bega, na yule aliye hai ni mweusi. Marie-Guillemine Benoist naye 1800 akamchora Madeleine, mwanamke Mweusi kaketi na kilemba cheupe, ipo Louvre. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa 1794, Napoleon akaurudisha 1802, na Belley akafa 1805 akiwa kizuizini. Ukiziangalia hizi picha mbili unajiuliza ule uhuru wa Kirumi waliokuwa wanauapia ulikuwa wa nani.

*Inamfaa* mtu anayependa stori, anayesoma historia au fasihi, na mwenye mtihani, maana maswali mengi ya mtihani yanazunguka hapa. Kama uvumilivu wa kusoma huna, David atakuchosha.

Canova, yaani mlango wa sanamu

Antonio Canova, kijana wa Possagno kaskazini mwa Italia, 1757 hadi 1822. Ukoo wa wachonga mawe.

*Stori.* Kidogo. Kuna Psyche, binti wa hadithi za kale, kafungua chupa aliyokatazwa, kalala usingizi kama wa kifo, Cupid, mungu wa mapenzi, anakuja kumuamsha. Basi. Hata usipojua hivyo unaona wawili wanakaribia kubusiana na hawajafika, mikono ya binti imezunguka kichwa cha kijana kama duara, mabawa juu yamefunguka. Iko Louvre, kaanza kuichonga 1787 kaimaliza 1793, yaani wakati mapinduzi yanawaka na David yuko bize na kura zake, huyu anachonga busu.

*Kwenye simu.* Hapa ndo anaumia. Sanamu inataka uizunguke, na picha moja inakupa upande mmoja, karibu kila mahali utawekewa upande uleule wa mbele. Mimi niliijua hiyo sanamu miaka miwili bila kujua kwamba nyuma kuna ile chupa na podo la mishale. Tafuta video ya mtu anayeizunguka polepole, bila muziki ikiwezekana. Watu wa enzi hizo walilijua hili, Pauline Bonaparte, dada yake Napoleon, alipochongwa kalala kama Venus, mungu wa kike wa mapenzi (yuko Galleria Borghese, Roma), chini yake kiliwekwa kifaa cha kumzungusha, na wageni walikuwa wanamtazama kwa mwanga wa mishumaa.

*Inachofundisha.* Mkono, kazi yenyewe. Wengi wanadhani mchongaji anachukua jiwe na nyundo anaanza. Canova alianza na udongo, kamfano kadogo ka haraka haraka, kisha udongo wa ukubwa kamili, kisha plasta. Kwenye plasta wanapigilia vimisumari vidogo vingi, hizo ni alama za vipimo, vijana wa karakana wanahamisha kila alama kwenye marumaru, wanapunguza jiwe mpaka limebaki koti jembamba juu ya umbo, ndo mwenyewe anakuja kumalizia ngozi, kucha, nywele. Plasta zake nyingi ziko makumbusho ya Possagno na ukikuza picha unaviona vile vimisumari vimetapakaa mwili mzima kama tetekuwanga. Hiyo kwangu ndo picha halisi ya Neoklasiki kuliko hata marumaru yenyewe, kwamba ule utulivu wote chini yake kuna vipimo. (Mwaka 2020 mtalii mmoja alikaa juu ya plasta ya Pauline hapo Possagno apigwe picha, akavunja vidole vya mguu. Kuna watu tunatembea nao duniani jamani.)

*Mtego.* Weupe. Ukiingilia hapa utabaki unaamini ukale ulikuwa mweupe na safi na baridi, kosa lile la Winckelmann. Mtego wa pili ni kuona urembo tu, ukasahau kwamba sanamu nazo zilikuwa siasa. Canova alimchonga Napoleon mwenyewe, mita 3.45, uchi, kama Mars, mungu wa vita wa Kirumi, ila huyu mleta amani. Napoleon alipoiona hakuipenda, ikafichwa, alipoanguka Waingereza wakainunua wakampa Wellington, aliyempiga pale Waterloo, hadi leo imesimama nyumbani kwa Wellington London, Apsley House. Sijui kama kuna dharau nzuri zaidi ya hiyo. Na 1815 ni Canova huyuhuyu aliyetumwa Paris kudai kazi za sanaa alizozipora Napoleon huko Italia.

*Inamfaa* mtu wa mikono. Mfinyanzi, mshonaji, mpiga picha, mchongaji wa vinyago, mtu yeyote ambaye akiona kitu anauliza kimetengenezwaje. Pia asiyetaka kusoma sana mwanzoni.

Majengo

Mimi nilianzia hapa, na nilianza vibaya. Nilikuwa Nairobi, nikasimama mbele ya McMillan Memorial Library, nguzo nene, ngazi, simba wawili wa mawe, nikasema basi hii ndo Neoklasiki nimeshaielewa. Kuanzia siku hiyo kila chenye nguzo nikakibatiza. Mpaka zile nyumba mpya za Goba na Kitengela, baraza lina nguzo mbili zenye mifereji na maua juu, nami naeleza watu kwenye daladala. Aibu.

Kwa hiyo nianze na *mtego* wake. Majengo ya aina hii yameigwa na kuigwa tena mpaka leo, maktaba ile ilifunguliwa 1931, zaidi ya miaka 100 baada ya enzi za David, ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wakoloni na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ni mjukuu wa Neoklasiki, na kuwepo kwake pale kunakwambia kitu, kwamba nguzo za Kiyunani zilishakuwa lugha ya kusema sisi ndo wenye mamlaka na ustaarabu. Ila sio zama zenyewe. Zama zenyewe ni Panthéon ya Paris ya Soufflot, ilianza kujengwa miaka ya 1750 mwishoni kama kanisa la Mtakatifu Genevieve, mwenyewe akafa 1780 haijaisha, 1791 mapinduzi yakaigeuza kaburi la mashujaa, madirisha yakazibwa. Ni lango la Brandenburg la Berlin, 1788 hadi 1791, limeiga lango la Akropoli, kilima cha mahekalu cha Athens, na Napoleon alibeba sanamu za farasi zilizo juu ya lango hilo akapeleka Paris, wakarudishwa 1814. Ni bunge la Virginia, Marekani, ambalo Jefferson akiwa balozi wa Marekani Paris alituma mfano wa plasta uliofuata hekalu la Kirumi la Nîmes wajenge hivyo. Jefferson huyo nyumba yake ya Monticello ilijengwa na kuendeshwa kwa jasho la watumwa, na ni yeye aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa.

*Stori* haihitajiki karibu kabisa, jengo linajieleza. *Kwenye simu* ni katikati, picha ya mbele inatosha kujua kanuni, ila ukubwa wake hauupati, hujui kama nguzo ni nene kukuzidi mpaka usimame nayo. Tafuta picha yenye mtu kasimama chini.

*Inachofundisha* ni sarufi. Angalia kichwa cha nguzo. Kama ni bapa, hakina pambo, ni Doriki. Kama kina mizunguko miwili pembeni kama mkeka uliokunjwa kutoka ncha mbili, Ioniki, ukitaka mfano angalia British Museum London, mbele kote. Kama kina majani kama mchicha uliochanua, Korintho. Juu ya nguzo kuna boriti, juu ya boriti kuna pembetatu. Pande mbili zinalingana. Alafu swali moja ambalo binamu nilimwambia aliandike ukutani: hii nguzo inabeba? Soufflot na wenzake walitaka nguzo ifanye kazi yake kama mahekalu ya kale, sio ibandikwe ukutani kama kishaufu. Kwa swali hilo nguzo nyingi za Goba zinafeli, sio kwa ubaya, fundi aliambiwa aweke urembo akaweka urembo.

*Inamfaa* anayesoma usanifu, ujenzi, dizaini, anayetembea mjini, na mwalimu mwenye darasa la watoto, maana mtoto anaweza kuchora nguzo siku hiyohiyo.

Basi wewe uanze na kipi

Kama una wiki moja na mtihani, David, Kiapo peke yake siku mbili, kisha Marat, kisha urukie vichwa vitatu vya nguzo. Kama huna haraka na unataka kuipenda kwanza, Canova. Kama wewe ni fundi au mbunifu na unataka kitu cha kutumia Jumatatu, majengo, lakini ukimaliza soma ile stori ya Camilla usije ukadhani ni suala la nguzo tu. Kama kinachokuleta ni swali la watu weusi walikuwa wapi humo ndani, ruka wote nenda moja kwa moja kwa Belley na Madeleine, kisha Monticello, alafu rudi kwa David ukiwa na hasira kidogo, utaona vizuri zaidi.

Anayependa rangi na hisia kali anaweza akajaribu milango yote mitatu na bado akaona baridi. Sio kosa. Huyo namshauri asome Neoklasiki kwa kifupi tu halafu aende kwa Romantiki, waliokuja kuasi huu utulivu, atawaelewa haraka akijua walikuwa wanaasi nini.

Na kwa ndugu zetu mlioko London, nyie hamna kisingizio, milango yote mnayo ndani ya siku moja. Asubuhi nguzo za British Museum, kutoka hapo unatembea kwa miguu mpaka National Gallery kuna picha ya David ya 1795, mtu anaitwa Jacobus Blauw kashika kalamu, koti la vifungo unataka kuvigusa. Mchana makumbusho ya Victoria and Albert (V&A) kuna Theseus wa Canova, shujaa wa hadithi za Kiyunani, kamkalia Minotaur, zimwi lenye kichwa cha ng'ombe alilolimuua. Hizo tatu kuingia bure. Three Graces, wale mabinti watatu wa Canova, nao ni wa V&A ila wanapokezana na Edinburgh, kwa hiyo angalia kwanza kama wako mjini. Apsley House unalipa, ila yule Napoleon yuko chini ya ngazi, humkosi.